Kifua Kama cha Watu Wote

Wakati wa vita treni haikufika Kindu, kwa hiyo sisi vijana tulisukuma baiskeli zenye madumu ya mafuta ya mawese kutoka Kibombo. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi alinipiga kifuani kwa kitako cha bunduki, akachukua mafuta. Nyumbani mama alinikanda kwa maji ya moto, nikapona, au ndivyo tulivyodhani, nikarudi barabarani. Wengi walipigwa hivyo. Hatukuwa hata tukisimuliana.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mke na watoto, miguu ilianza kuvimba na pumzi kukata. Majirani walisema nimelishwa sumu, nami nikanywa majani ya kutapisha mpaka nikabaki mifupa. Kitinda mimba wetu alizaliwa nikiwa katika hali hiyo. Alijifunza kutembea, akakimbia, akaanza shule, na sikuwahi kumbeba. Alikuwa ameshaacha kuniomba. Hilo tu ndilo lililoniuma. Mengine yote yalikuwa yamekufa ganzi.

Mwishowe mke wangu alinipeleka hospitalini. Daktari aliniuliza:

— Ulishaumiaka ku kifua?

— Hapana, munganga.

Mke wangu hajawahi kungoja zamu yake ya kusema.

— Eee! Na ile kitako ya bunduki?

— Ile ilikuwa vita. Wanaume wote ya Kindu walipigwaka.

Daktari aliweka kalamu chini. Picha ya moyo ilionyesha vali ya upande wa kulia imekatika nyuzi zinazoishikilia; kila moyo ulipopiga, damu ilirudi nyuma. Alisema pigo la namna ile huweza kufanya hivyo, na mtu akaishi nalo miaka kabla halijamwangusha. Nilimsikiliza kama anayezungumzia pampu ya jirani.

Kinshasa walinipasua kifua, wakaishona vali, wakaitia pete ya kuikaza. Nilirudi nyumbani. Mfupa wa kifua ulipounga na nikaruhusiwa kubeba vitu, nilimwita mtoto uani. Akanipima kwa macho.

— Papa, niko muzito. Utaanguka.

— Kuya tu.

Nilimnyooshea mikono, akaja, nikamwinua. Pumzi haikukata. Miguu yake ilining'inia mpaka magotini mwangu. Nikasimama nikingoja furaha ije, maana ndiyo niliyopasuliwa kifua kwa ajili yake. Haikuja. Mtoto alinilalia begani, nami nikaendelea kumshika, nikingoja, mpaka mama yake akasema inatosha.