Kichwa cha Cherehani Mgongoni

Mimi nauza mabegi ya mitumba. Nikikutazama mgongo tu nakwambia begi gani litakufaa. Kwa hiyo usiniulize kwa nini nilipandwa na hasira siku ile mdogo wangu Bonge alipokuja kibandani kwangu, akalipita begi la maana lenye mkanda mpana wa kiunoni, akaenda kudaka begi la shule la kitambaa laini, mikanda yake myembamba kama utepe wa gauni.

"Hilo la nini?" nikamuuliza.

"La mazoezi, Dada. Nimeambiwa ukitembea na mzigo mgongoni mafuta yanakimbia."

"Basi chukua hili lenye mkanda wa kiuno."

"Mikanda yote hiyo? Kwani mimi punda?"

"Punda ana akili, hachagui kuumia."

Akacheka, akaondoka na begi lake la mtoto. Bonge ni hivyo. Ukimwambia kulia, yeye kushoto, halafu anakuomba radhi kwa tabasamu mpaka unasahau ulikuwa umekasirika. Ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amekaa kwenye kiti kimoja, mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, tumbo linaota taratibu.

Tumezaliwa watatu. Mimi wa kwanza, Bonge wa pili, na kitinda mimba wetu, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Alikuwa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, anatoka pale amelegea kama nguo iliyokamuliwa, anakaa nyumbani kidogo, anarudi tena. Mimi nilijitolea kumpa figo, presha yangu ikanirudisha mlangoni. Bonge akapimwa. Damu ikakubali, figo ikakubali, kitambi kikakataa.

Daktari wa figo alimwambia mbele yetu sote, "Punguza mwili, turudie vipimo. Tukikuta kila kitu sawa, tunapanga upasuaji. Na tafadhali, usimeze dawa yoyote bila kuniuliza."

"Nimekuelewa, daktari," Bonge akasema.

Basi akaanza kutembea. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, anapanda barabara ya mlimani mpaka penye tangi la maji, anashuka. Mtaa mzima ukapata burudani. Wanaouza chai wakimwona wanamwita, "Bonge, unahama? Mkeo kakufukuza?" Naye anajibu, "Nahamisha kitambi!" Anapita, jasho linachuruzika, mkono mmoja nyuma unainua begi kwa chini.

Ule mkono wa nyuma ndio ulionitia wasiwasi. Mtu ambaye mzigo umemkaa vizuri haushiki kwa mkono. Begi lilikuwa limeshuka mpaka matakoni, linampiga kila hatua, na yeye kainama mbele anatafuta mizani. Nikamwita.

"Bonge, mgongo unauma?"

"Hauumi."

"Umeweka nini humo?"

"Mzigo."

"Mzigo gani?"

"Dada, wewe uza mabegi, niachie mimi kubeba."

Nikamwachia. Ningefanyaje, nimvue begi barabarani? Na suruali zilikuwa zinamlegea kweli, anazipunguza mwenyewe kwa cherehani yake huku anapiga mluzi. Kitinda akawa anamsifu. Alimwambia, "Kaka, sasa una shingo!" Tukacheka wote, na nilimwona yeye kitinda akicheka kwa matumaini, jambo ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi. Nikafunga mdomo wangu.

Siku ya kurudia vipimo tulikwenda watatu: mimi, Bonge, na mkewe, wifi yangu, mwanamke mpole asiyeongea mpaka aulizwe. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, meza, kitanda cha kupimia, feni inayolia. Bonge akapanda kwenye mizani kwa mbwembwe. Daktari akatazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikashusha pumzi. Halafu akavuta majibu ya damu, akayasoma, akayarudia. Uso ukabadilika.

"Figo zako hazifanyi kazi kama mara ya kwanza," akasema.

Feni ikaendelea kulia.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana," Bonge akajibu.

"Ya mitishamba? Ya kupunguza mwili?"

"Hapana, daktari."

"Nitakuuliza tena, kwa sababu hapa tunazungumzia watu wawili. Kama figo zako zina ugonjwa, siwezi kukutoa hata moja. Na dada yako mgonjwa atabaki bila mtu."

Bonge akatazama viatu vyake. Nami namjua, nimemlea. Akitazama viatu, kuna kitu. Nikataka kupiga kelele, lakini wifi akanitangulia. Alinyoosha mkono, akautia kwenye mfuko wa shati la mumewe, mfuko ule anaowekea chaki ya kuchorea kitambaa, akatoa karatasi ya vidonge, vifuko vyake vingi vimeshapasuliwa. Akaiweka mezani.

"Anameza asubuhi na jioni," akasema. "Mgongo ukimzidi, na mchana."

Daktari akaigeuza. "Hizi ni za maumivu. Ndizo hasa nilizokuwa naziogopa. Ukizimeza mfululizo zinaumiza figo."

"Nilijua unakataza dawa za ugonjwa," Bonge akasema. "Hizi ni za mgongo tu. Kila mtu anazinunua. Ningeacha kutembea, mwili usingepungua. Usingepungua, mdogo wangu..."

Jamani, mtu mzima yule, akajifunika uso kwa viganja. Nami badala ya kumwonea huruma nikamgeukia kama mbogo. "Nilikuuliza! Nilikuuliza mgongo unauma, ukaniambia niuze mabegi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe unavunja guu la mwenzio!"

"Mama, kaa chini," daktari akaniambia.

Nikakaa. Akatueleza. Aache vidonge leo hii. Anywe maji ya kutosha. Baada ya wiki kadhaa apimwe tena. Huenda figo zikarudi kama zamani, mara nyingi hurudi. Huenda zisirudi. "Siwezi kuwaahidi," akasema. Na mwili je? Lazima aendelee kuutunza, akinenepa tena tunaanza upya. Kwa hiyo atembee, lakini bila maumivu. Akamwandikia aende chumba cha mazoezi ya viungo.

Kabla ya hapo ilibidi kitinda aambiwe. Alikuwa jengo la pili, kwenye mashine, mirija ya damu imemtoka shingoni. Nilitaka niende mimi, Bonge akakataa. Akavuta kiti karibu naye, akamweleza yote, bila kupunguza. Mashine inazunguka, damu yake inapita mbele ya macho yetu.

"Kumbe ulikuwa unaumia," kitinda akasema. "Na mimi nakutania shingo."

"Nisamehe."

"Sikusamehe," akasema, machozi yanamtoka. "Unanipa kiungo chako halafu unanificha maumivu? Ukiumia tena ukanyamaza, hiyo figo baki nayo. Sitaki!"

Tukatoka pale, Bonge ameshika cheti cha daktari.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa kijana mrefu mwenye maneno machache. Akamwambia Bonge aje na begi lake kama lilivyo. Bonge akalileta. Kijana akalinyanyua, akashtuka, akafungua zipu, akatazama ndani, akamtazama Bonge, akatazama tena ndani.

"Hiki ni nini?"

"Kichwa cha cherehani," Bonge akajibu kwa aibu. "Ile yangu ya zamani. Ilikufa."

Lo! Chuma kizima, chenye gurudumu lake na pembe zake, kimekaa chini kabisa ya begi la mtoto, kila hatua kinamchoma uti wa mgongo. Ndiyo maana alikuwa anaficha. Fundi cherehani akitafuta kitu kizito hatafuti mbali. Kijana yule alijitahidi asicheke, akashindwa, nami nikashindwa, hata Bonge mwenyewe akacheka huku amejishika kiuno. Alipovua shati hakuna aliyecheka tena. Mabegani kulikuwa na michirizi myekundu ya mikanda, na chini mgongoni jeraha limeota gamba, limechubuka, limeota tena.

"Kaka, hukuwa unafanya mazoezi," kijana akasema. "Ulikuwa unajipiga."

Akamfundisha mambo ambayo mimi kama muuza mabegi niliyajua nusu. Mzigo ukae juu, katikati ya mabega, umegusana na mgongo, usining'inie nyuma. Uwe kitu kisicho na pembe, mchanga kwenye mifuko iliyofungwa barabara, umezungushiwa taulo usichezecheze. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mfupa wa nyonga na ukazwe kwanza, uzito uende miguuni, halafu ndio ukaze mikanda ya mabegani, kiasi tu. Mkanda mdogo kifuani uzuie ile ya mabega isifunguke. Utembee wima, hatua fupi. Uanze na mzigo mwepesi mpaka uone aibu, uongeze kidogo kidogo. Kikiuma kitu, tua.

"Nitue?" Bonge akauliza, kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Utue. Popote ulipo."

Safari hii alikuja kibandani mwenyewe akachukua lile begi la mikanda mingi. Akakuta mkanda wa kiuno umelegea sifongo yake. Akaufumua, akauwekea sifongo mpya ya makochi, akaushona upya mistari miwili miwili, kazi safi ya mtu anayejua kazi. Nilimkazia mimi mwenyewe. "Vuta pumzi. Inabana?" Akasema haibani. "Ukinidanganya nakuzaba kofi mbele ya mkeo." Akaapa.

Nikawa namfuata nyuma. Kibanda nafungua nikirudi, wateja wanune wanavyotaka. Naangalia mgongo wake njia nzima. Siku moja nusu ya mlima akasimama, akafungua mkanda, akatua begi kando ya barabara, akakaa juu ya jiwe. Wauza chai wakapiga kelele, "Bonge kaishiwa mafuta!" Akawapungia mkono. Hakuamka mpaka mgongo ulipotulia. Sijawahi kujivunia mtu aliyekaa kitako kama nilivyojivunia siku ile.

Lakini figo haionekani barabarani. Hilo ndilo lilikuwa linanitafuna. Anatembea wima, kidonda kimepona, anasema hasikii maumivu, na ndani hatujui. Tukiwa bado tunangoja, kitinda akashikwa na homa. Mrija wa shingoni umeingia wadudu. Wakamlaza, wakamchoma sindano za nguvu, akawa anaweweseka anawaita wanafunzi wake wakae chini. Homa iliposhuka, daktari aliniita pembeni akaniambia, "Tusikawie sana. Mwili wake unachoka." Nikauliza, kama ya Bonge haifai? Akasema tutafute mtu mwingine. Mtu mwingine yupi? Tumezaliwa watatu tu.

Siku ya majibu sikuingia chumbani. Nikakaa kwenye benchi la korido, nasali maneno ambayo hata sikuyasikia. Mlango ukafunguliwa, akatoka wifi, yule asiyeongea. Akanishika mikono yote miwili. "Zimerudi, wifi," akasema. "Daktari kasema zimerudi kama zamani." Nikamkumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka.

Wakapanga upasuaji. Asubuhi ile waliwachukua wote wawili kwenye vitanda vya magurudumu, mmoja nyuma ya mwingine. Bonge alikuwa ametulia ajabu. Kitinda akageuza kichwa akamuuliza, "Kaka, unaumwa popote? Sema ukweli."

"Njaa," akajibu. "Njaa tu."

Milango ikajifunga. Mimi na wifi tukabaki benchini. Sitakueleza kungoja kule, maana sina maneno yake. Kila kiatu kilichopita nilidhani kinakuja kutuambia. Kwanza wakatwambia Bonge ametoka salama. Nikashukuru, lakini moyo haukukaa, kwa sababu figo iliyotoka kwake ilikuwa sasa haiko kwake wala hatujui kama imeshika kwa mwenzie.

Nikaruhusiwa kumwona kitinda, nimevishwa koti na kitambaa cha mdomo. Amelala, midomo mikavu, mashine zinapiga kelele ndogo ndogo. Muuguzi, mama wa makamo, aliinama chini ya kitanda kwenye mfuko unaoning'inia, ule wa mrija wa mkojo. Akauinua kwenye mwanga.

"Mama, njoo uone," akaniita.

Mdogo wangu alikuwa hajakojoa zaidi ya mwaka. Figo zilipokufa, mkojo ulikauka. Kila tone la maji alilokunywa lilibaki mwilini likamvimbisha mpaka mashine ilitoe. Na sasa kwenye ule mrija mwembamba kulikuwa na kitu cha njano kinatiririka, tone, tone, halafu mstari mzima, kinaingia mfukoni mbele ya macho yangu.

Nimelia misibani, nimelia harusini. Sikujua kwamba siku moja nitapiga magoti sakafuni nilie kwa ajili ya mkojo. Muuguzi akaniacha.

Nilipofika kwa Bonge alikuwa ameanza kuamka, macho mazito, mkono juu ya ubavu uliofungwa bandeji. Wifi alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Akaniona. Hakuuliza habari wala salamu.

"Imekubali?"

"Anakojoa," nikamwambia. "Bonge, anakojoa kama bomba."

Akaanza kucheka, mshono ukamvuta, akakunja uso.

"Inauma," akasema. "Dada, inauma sana. Waambie."

Nikakimbia kumwita muuguzi.