Mara ya Tatu Mbele ya Kamera

Mke na mume walioigiza katika filamu yetu ya maisha ya mtaani Ng'ambo walikuwa mke na mume kweli, maana hakuna mwanamke wa heshima ambaye angekubali kuigiza na mwanamume asiye mumewe. Maneno yao niliyatunga mimi. Sinema nilijifunza kwa kuitazama tu, na hakuna nilichokiogopa kama kuchekwa.

Mwishoni mwa hadithi, mume anampa mkewe talaka uani. Bibi yule aliniomba mapema: "Mwanangu, asinitaje kwa jina langu. Ataje jina la uwongo." Nikakataa. Nilijua kwamba kwa jina la uwongo uso wake usingetetemeka.

Mara ya kwanza mume alipotamka talaka, kuku alipita mbele ya kamera. Mara ya pili uso ulitetemeka vizuri, lakini kanga ilimfunika shavu kidogo. "Tena," nikasema. Mume akatamka mara ya tatu mbele ya majirani, bila kukosea hata neno.

Kamera ilipozimwa, mkewe akacheka kwa woga. "Haya, twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Nshakuacha tatu, na mashahidi hawa hapa."

Shehe wa mtaa alimwambia mume kwamba mchezo hauhesabiwi. Hakutaka kusikia, kumbe siku nyingi alikuwa akitafuta njia ya kumwacha. Bibi akarudi kwao Makunduchi na sanduku moja.

Nilipokaa kuiunganisha filamu, nilizitazama zote tatu kwa makini. Nikachagua ile ya pili.