Uani kwa Kidawa, Kwenye Mikoko

Kidawa, au mama Umi kama wengi walivyomwita, muuza maandazi wa Kilwa Masoko, aliachwa mara mbili, na mara zote mbili akatoka nyumba ya mtu na sanduku kichwani. Safari hii alitaka nyumba yake, ambamo hakuna wa kumtoa. Kiwanja alikipata ukingoni mwa mikoko: mbele barabara ya vumbi, nyuma mkono wa bahari.

Asubuhi hiyo fundi Nassibu alishapigilia vigingi na kuvuta kamba.

"Mama, baraza huku barabarani, uani kule majini. Nichimbe msingi?"

"Ngoja kwanza nikae."

Akachukua kigoda, akaketi patakapokuwa uani, kanga kaikunja magotini kama anayekuna nazi. Hata hajatulia, mtumbwi ukapita mkondoni, mvuvi ndani yake akapaza sauti.

"Shikamoo, mama Umi! Leo tunakula nini?"

"Marahaba. Macho yako, ya kukaanga!"

Nassibu akacheka mpaka akashika kiuno. Kidawa hakucheka. Uani ndiko mwanamke anakovua mtandio, anakooga, anakomsengenya jirani kwa raha zake. Sasa uani gani huo, wanaume wanapita wakiulizia mboga? Akahamia upande wa barabara. Bodaboda ikampigia honi. Akazunguka na kigoda chake kiwanja kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia, kichwa kimemvurugika. Kila upande ulikuwa mbele. Nyuma iko wapi?

"Mama, kesho nina kazi Nangurukuru," Nassibu akamkumbusha.

"Nenda hata leo, ukitaka!"

Hakwenda. Kule pembeni, mikoko ilikuwa imeingia nchi kavu, ikafunga kama ukuta. Kidawa akaketi hapo, akageuza shingo huku na huku. Hakuona mtu.

"Uani hapa."

"Hapo? Bamvua likija, maji yanafika!"

"Yafike. Maji yana macho? Nyumba ipandishie msingi, uani niwekee ngazi. Na mkoko usiuguse hata mmoja."

"Haya. Na mlango wa mbele uangalie wapi?"

Kidawa akatazama barabara, akatazama mkondo. Ndugu zake wengine hushuka kwenye bodaboda, wengine kwenye mtumbwi. Wapige hodi wapi? Hakujua. Alijua pa kuogea tu.

"Anza na uani," alisema. "Mlango tutajua hukohuko."

Nassibu akatikisa kichwa, akaanza kung'oa vigingi.