Vitenge vya Pinga kwenye Tovuti

Tulipokimbia vita kule Pinga nilibeba kichwa cha cherehani na gunia la vitenge vya watu. Sufuria zangu zilibaki jikoni. Mume wangu aliliona lile gunia kwenye pikipiki, akalifunga kamba bila kuniuliza neno, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Ndani mlikuwa na vitenge kumi na vinne vya wateja walioniletea nishone. Wenyewe walikuwa wametawanyika: wengine Kalembe, wengine msituni, wengine hakuna aliyejua.

Huko Mpofi, tulikokimbilia, nilikodi kibanda nikaanza upya. Wateja hawakuja. Baadaye jirani alinieleza sababu: habari ilikuwa imenitangulia kwamba fundi wa Pinga, yule mwanamke wa kutoka Butembo, ametoroka na nguo za watu. Nililia, na kilichoniliza ni hasira. Hata ushone vizuri namna gani, ukishaitwa mwizi nani atakuachia kitambaa chake?

Mdogo wangu wa kike, aliyesoma mambo ya kompyuta Butembo, alikuwa amekuja kutusalimia, barabara ikafungwa akakwama kwetu. Akasema tutengeneze tovuti ya ushonaji wangu, na vitenge vyote vionekane humo, watu wajue vipo salama. Nikamwambia si tutume picha kwenye vikundi vya simu tu. Akajibu kwamba huko picha inafunikwa na habari za risasi na misiba kabla hujala chakula cha mchana, ila tovuti inakaa palepale. Wahenga walisema chema chajiuza. Wao hawakuwahi kukimbia na cherehani.

Kumbe kuna makampuni yanayokupa tovuti tupu, wewe unapanga vitu vyako ndani. Alinichagulia tatu nitazame. Ya pili niliikataa mapema, maana ilitaka jina la barabara na namba ya nyumba, na haikukubali kuachwa wazi. Zilizobaki tulizipeleka kwenye kilima ambako watu hupanda kutafuta mtandao. Pale kuna mama anayechoma ndizi. Tukatumia simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu wateja wangu wana simu za namna hiyo. Ya kwanza ilikuwa na picha zinazojiendesha zenyewe. Ndizi iliiva, tukaila, ukurasa bado unazunguka. Ya tatu haikuwa na urembo wowote, lakini ilifunguka kabla ndizi haijageuzwa. Nikachagua hiyo. Mdogo wangu, aliyeipenda ile ya kwanza, alininunia mpaka tukafika nyumbani.

Kosa nililifanya mimi mwenyewe. Kila picha ilidai maelezo chini yake. Majina sikutaka kuyaweka, siku zile haikufaa kutangaza nani ni nani. Basi nikafungua daftari langu na kunakili kile ambacho fundi humjulia mteja wake: kifua, kiuno, matako. Kwangu mimi hiyo ilikuwa siri tosha.

Siku ya tatu tangu tovuti ifunguliwe, simu ililia.

"Weye njo fundi wa Pinga?" mwanamke alifoka. "Juu ya nini unaandika matako yangu mu interneti? Bwana yangu iko nasoma! Bapadri beko nasoma!"

"Mama, unisamehe," nikasema. "Kitenge yako iko hapa. Nayo iko muzima."

Kisha nikasikia analia, na mimi nikaanza. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Mdogo wangu alifuta vipimo vyote siku hiyohiyo huku akicheka mpaka akakaa chini. Lakini habari ilishatembea, watu walifungua tovuti kutafuta kichekesho na wakakuta vitenge vyao. Walianza kuja mmoja mmoja, na kila aliyekuja nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Yule mama mkali alifika kwa pikipiki kutoka Kalembe. Sauti yake niliijua kabla hajakaa. Kitenge chake alipewa na wakwe wa binti yake, akivae siku ya harusi. Nilitaka kukikata kwa vipimo vya daftari, akanishika mkono.

"Unipime tena, dada. Ile kipimo haiko yangu tena."

Nilizungusha futi ya kupimia kiunoni mwake, ikanibakia ndefu mkononi. Miezi ya msituni ilikuwa imemmaliza. Nikaandika namba mpya. Yeye akanitania kwamba sasa naweza kuziweka kwenye interneti, haziwezi kumuaibisha.

Halafu akafungua mfuko wake, akatoa kitenge kingine, kipya kabisa, akakiweka juu ya cherehani yangu.

"Na hii uikamate."

Akapanda pikipiki yake akaenda, bila kuniuliza arudi lini.