Nukta Iliyosogea Kwenye Picha ya Darasa

Mwalimu wetu wa jiografia alituchotesha vikaratasi vya vitu vya angani. Wenzangu walipata Mwezi na Jua, mimi nikachota sayari ndogo, yaani moja ya yale mawe yanayolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Kila mtu angesimama mbele aeleze kitu chake kiligunduliwaje na kinazungukaje. Asiyesimama, sifuri. Mimi tangu kidato cha kwanza sijawahi kunyoosha mkono, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Sisemi uongo, ile sifuri niliiona nafuu, ila ingeandikwa kwenye ripoti ya kupelekwa kwa baba.

Kitabu cha maktaba kilisema wataalamu hupiga picha sehemu ileile ya anga mara mbili, wakiacha muda katikati. Nyota hubaki palepale. Nukta iliyosogea ndiyo jiwe lenyewe. Hapo nikakumbuka picha za darasa.

Muhula uliopita alikuja mpiga picha aliyefungua studio mjini Tukuyu, anapiga picha za rangi siku hizi. Alitupanga mbele ya migomba ya shule, akapiga mara mbili kwa sababu ukungu ulipita. Mimi nilinunua ya kwanza, mwenzangu wa dawati akanunua ya pili. Nikaiazima, nikaziweka pamoja. Watu wote wako palepale isipokuwa mmoja, mimi. Kwenye ya kwanza nimesimama mwisho kulia. Kwenye ya pili nimejibanza kushoto, nyuma ya msichana mrefu anayetoka Kinyala, linaonekana sikio na kipande cha sweta langu la mtumba.

Kuzionyesha ni kutangaza kwamba huwa najificha. Nilizitia kwenye daftari, nikazitoa, nikazitia tena.

Siku yenyewe mwalimu akaturuhusu kutumia Kiswahili. Nikasimama, macho sakafuni. "Tafuteni kilichosogea," nikasema, nikazipitisha picha.

Zilikwenda dawati hadi dawati. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Aisee, huyu kahama."

"Kumbe siku zote unatukimbia?" mwingine akauliza.

"Na mimi kanigeuza ukuta," akasema yule mrefu, "wala hajaniomba."

Wakacheka mpaka madawati yakalia. Nilisubiri nife kwa aibu, sikufa. "Basi hivyo ndivyo inavyogunduliwa," nikasema.

Mwalimu, ambaye ni mtu wa Pwani, akauliza, "Umeiona mara mbili tatu, sawa. Mwakani utajuaje ilipo?"

Hilo sikuliandaa. Nikamfikiria mama. Kwetu Suma mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Babu akiwa uani, mama akienda kuchota maji huzunguka nyuma ya migomba, njia ileile, mwendo uleule. Sisi watoto hatumwoni, lakini tunajua atatokea kwenye mparachichi, na baada ya muda gani. Nikaeleza hivyo hivyo. Ukishaijua njia na mwendo wa jiwe, hata likipotea machoni unajua litatokea wapi. Ila mama hurudi na ndoo baada ya nusu saa, na jiwe langu humaliza mzunguko kwa miaka kama minne.

"Kwa hiyo mama yako anamkimbia mzee?" mwalimu akauliza.

"Hamkimbii, mwalimu," wakamjibu karibu wote. "Anamheshimu."

"Mama yangu alishachutama kwenye shamba la chai, mvua inamnyeshea," mmoja akasema, "babu anaongea na wageni tu njiani, hamalizi."

Nilipata saba kwa kumi. Tatu alizikata, alisema, kwa sababu nilizungumza na sakafu.

Wiki hii mpiga picha amerudi. Wamenisimamisha katikati, na yule mrefu kanishika sweta kwa nyuma. "Huyu muangalie," akamwambia mpiga picha, "huwa anasogea." Nikatulia. Kwenye picha zote mbili niko palepale, ingawa kwenye ya pili nimefumba macho.