Nilivyoanika Dagaa kwenye Uwanja wa Watoto

Ziwa lilipopanda lilinikuta nimekaa mlangoni nikilitukana. Majirani walikuwa wameshahama. Mimi nilisema siwezi kukimbia maji niliyoyachota tangu nina meno ya utoto. Siku ya tatu yakapita chini ya kitanda, sufuria zikaanza kuelea, na mimi, mwanamke mwenye heshima zangu, nikatoka nimebebwa mgongoni na mukwe wangu, mume wa binti yangu. Mukwe! Muntu ambaye sipaswi hata kula mbele yake.

Tangu hapo nikalala kwao, chumba kimoja na mjukuu wangu wa miaka minane. Sikuteswa. Lakini kula kwa mukwe aliyekubeba mgongoni, kila tonge linakukumbusha. Nilitaka nyumba yangu, na niipate kabla ya mvua.

Ikapatikana moja, juu, mbali na maji, bati nzima, choo imara, na lupango, yaani ua wa nyumba, ndogo yenye ukuta. Watoto wangu waliweza kuilipa kwa sababu bei ilikuwa chini, na kila mtu alijua kwa nini iko chini: imepakana na uwanja wa watoto. Ukifungua dirisha la jikoni unaona bembea mbili, mtelezo wa chuma, na mchanga mweupe ulioletwa kwa kamio, lori zima. Wanunuzi wawili walifika kabla yangu, wakasikia kelele, wakarudi kwao.

“Mama, usinunue,” binti yangu akasema. “Wale watoto watakupasua kichwa. Wewe hata jogoo wa jirani ulimugombeza.”

Kweli nilimugombeza. Na alinyamaza.

Lakini mimi sikuona bembea. Maisha yangu yote nimeanika dagaa, na nikitazama mahali macho yangu yanatafuta jua, upepo na mchanga mkavu, basi. Ule uwanja ulikuwa navyo vyote. Kule ufukweni sisi wanawake tulikuwa na sheria yetu: mahali pa wazi ni pa yule aliyetandika mkeka wa kwanza asubuhi. Ukifika wa pili, unasogea. Nikawaza: asubuhi watoto wako masomoni, mchanga unakaa bure. Wajinga wawili wamekimbia kelele, wameniachia uwanja mzima wa kuanikia. Nilijiona nina akili kuliko Kalemie yote. Nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akaniuliza kama nina homa.

Papa mwenye nyumba alitaka kurudi Nyunzu kulima. Akanipa mpaka Jumapili. “Kuna muntu mwingine anauliza, Mama. Jumapili uniletee jibu.” Nikamwambia atalipata. Ila kabla ya kuweka jina langu kwenye karatasi (nilisoma miaka mitatu tu, lakini jina naliandika, tena kubwa) nilitaka kwanza niujaribu ule mchanga.

Ijumaa mapema nikanunua dagaa mbichi na samaki wakubwa wanne, mikebuka, pale mitumbwi inapofikia, beseni mbili, nikapanda nazo mpaka juu. Nikatandika mikeka sita kutoka bembea hadi mtelezo. Chuma cha mtelezo kilikuwa kimeshika joto zuri sana, nikalaza juu yake ile mikebuka minne niliyoipasua katikati. Kisha nikakaa kwenye bembea na fimbo yangu ya kufukuzia kunguru, nikijisukuma kidogo kwa mguu. Malkia kabisa.

Saa sita na nusu masomo yakatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Matusi yalikuwa tayari mdomoni, mengine sijayatumia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Watoto wakaja mbio, na sare zao nyeupe na bluu, wakasimama ukingoni mwa mchanga. Msichana mmoja mkubwa akatangulia.

“Jambo, Kambo.” Kambo njo bibi, kwetu.

“Jambo. Munataka nini?”

“Hapa njo tunachezaka.”

“Mimi nilifika wa kwanza. Mungoje zikauke.”

“Zitakauka saa ngapi?”

“Kesho.”

Wakatazamana. Nikangoja mmoja akanyage mkeka, nipate sababu. Hakukanyaga hata mmoja. Chakula hakikanyagwi wala hakirukwi, mama zao wamewafundisha vizuri mno. Wakakaa chini, mstari mzima, mifuko magotini, wakaniangalia. Hakuna aliyekohoa. Kile kimya nilichodai kwa jogoo, nilikipata chote siku moja, na sikujua nikiweke wapi. Bembea ikalia kwiii. Nikaacha kujisukuma.

Ndipo mmoja akauliza: “Uyu ni kambo ya nani?”

Nikainua shingo. Maana nilishamuona mjukuu wangu, wa nne kutoka mwisho. Yule ninayemsifu sokoni mpaka wateja wanahama meza: wa kwanza darasani, Kifaransa anasoma kama padri, uso ni wangu mtupu. Nikangoja anitaje.

Akatazama viatu vyake. “Simujui.”

“Lakini munafanana,” mwenzake akasema.

“Hapana. Mimi sina pua ya vile.”

Pua ile ile! Pua ya mama yangu, niliyompa bure!

Nilitaka kusimama nimjibu, nikashindwa. Bembea ilitengenezwa kwa makalio ya watoto, na yangu yalikuwa yamekaa humo kama kizibo. Wawili wakaja kunivuta mikono, na hata hao wakazunguka mikeka kwa adabu. Nikaanza kukunja mikeka. Mikebuka ilikuwa imeshikana na chuma, nikaikwangua kwa kisu. Walingoja mpaka mkeka wa mwisho, halafu wakapiga kelele moja ambayo nilidhani kuna ukuta umeanguka. Wa kwanza kuteleza alifika chini akinusa kaptula yake.

Njiani mjukuu alinifuata kwa mbali, hatua kumi nyuma. Tulipopita kona, ambapo wenzake hawaoni, akanipokea beseni moja.

“Kambo, utanunua ile nyumba?”

“Wewe unaniuliza nini? Si hunijui?”

Akafikiri. “Nunua. Nitapita kila siku nikitoka masomo. Lakini samaki uanike ndani ya lupango yako.”

“Na wakikuuliza tena mimi ni nani?”

“Nitaangalia kwanza namna unajiendesha.”

Jumapili, baada ya misa, nikaandika jina langu, likapita mwisho wa mstari. Lupango inaingiza mikeka miwili, ukilazimisha. Dagaa ninazouza sasa ni kidogo, na kuanzia saa sita na nusu siwezi kusikia hata mawazo yangu, ambayo hata hivyo yameshanipeleka pabaya.

Juzi mjukuu aliingia na wenzake wanne kunywa maji. “Uyu ni mama mwenye nyumba,” akawaambia.

Nikawapa maji, kwa vikombe vya wageni.