Hali Nzuri ya Verlene

Kwa miaka kumi na tisa Verlene Stamper alinyanyua wazee wa watu kutoka vitandani, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Kentucky ya mashariki, Marekani, mpaka mgongo ukagoma. Serikali ilishamnyima posho ya ulemavu mara mbili. Siku hiyo alikuwa mbele ya jaji, na akikosa hapo, angerudi kunyanyua wazee au nyumba yake ingeuzwa.

Jaji Whitcomb alikuwa na plasta ngumu mkono wa kulia, umening'inia shingoni kwa kitambaa. Alifunua faili kwa wa kushoto.

"Daktari wako anaandika: Machi, mgonjwa anasema hajambo. Juni, anaendelea vizuri. Oktoba, hana la kulalamikia. Miaka sita hivyo hivyo! Bi Stamper, huo mgongo uliuma siku gani?"

Wakili wa Verlene, Ratliff, aliinamia karatasi zake kama aliyedondosha sindano. Ndiyo kazi aliyokuja kuifanya.

Verlene alichemka. Kwao milimani mtu akiulizwa hali hujibu nzuri, hata kama jeneza liko sebuleni. Mama yake alijibu hivyo siku aliyokufa. Na huyo Daktari Hensley, bwana wa dakika saba kwa kila mgonjwa, huuliza hali akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Salamu ya adabu ndiyo aliyoifanya kipimo!

"Mheshimiwa, nilipoingia humu nilikuuliza hali. Ulinijibuje?"

"Nilisema mzima, asante."

"Na huo mkono?"

"Umevunjika. Niliteleza kwenye barafu."

"Basi niandike jaji ni mzima, avue plasta akapasue kuni?"

Karani alikohoa ndani ya kiganja.

"Chunga ulimi, mama," jaji alisema. Lakini aliyasukuma kando maandishi ya Hensley, akauliza picha za uti wa mgongo ziko wapi. Zilikuwa humo humo failini, tangu mwaka juzi, bahasha haijafunguliwa. Wasomi wote wale! Jaji akazitazama moja baada ya nyingine.

Barua ya kumkubalia posho ilifika Aprili.

Mei alikwenda kwa Hensley.

"Unaendeleaje, Verlene?" daktari aliuliza, mkono kwenye kitasa.

"Funga mlango, daktari, ukae," alisema Verlene. "Na kalamu uchukue yenye wino wa kutosha. Tunaanzia kiunoni."